Hema Tupu la Wageni

Cyriaque Nduwayo alijua kwamba binti yake anaposwa kwa kusoma daftari la oda. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, stoo yake ya Gatsata, mjini Kigali, imejaa viti vilivyorudi kutoka harusi za mwisho wa wiki vikiwa na matope miguuni. Leila, mwanamke wa Nyamirambo aliyekuwa mkono wake wa kulia na mara nyingi kichwa chake pia, alikuwa ameshaandika kila kitu kwa kalamu ya kijani. Jumamosi tarehe kumi na nne. Mahema mawili makubwa, yatazamane. Viti mia mbili. Gusaba. Mwenye shughuli, Sibomana wa Kagarama. Bibi arusi, Ihirwe.

Gusaba ni kuomba. Ndiyo siku ambayo ukoo wa mwanamume hufika kwa ukoo wa msichana kumwomba kwa maneno matamu na kwa ng'ombe, na bila siku hiyo, hata padri akufungishe ndoa mara tatu, wazee watakuambia bado hujaoa. Cyriaque alikuwa amepanga viti vya gusaba kwa miaka kumi. Alijua yote yanayotakiwa, isipokuwa kwamba hii ilikuwa ya mwanawe.

"Huyu Sibomana alipiga simu lini?" akauliza.

"Ijumaa, boss. Iko shida?"

"Hapana. Ni mjomba wa mtoto wangu."

Leila akaweka kalamu chini. Akaangalia jina la bibi arusi, akamwangalia bosi wake, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja akamvutia kiti. Hilo peke yake lilimtisha Cyriaque kuliko daftari.

Ukitaka kumjua Cyriaque, muulize mtu yeyote wa Kigali aliyefikisha miaka arobaini na anayependa mpira. Atakuambia: Dakika ya Tisini. Ndilo jina walilompa. Alikuwa mshambuliaji anayeweza kusinzia mechi nzima, kocha akimtukana na mashabiki wakimzomea, halafu watu wakishaanza kuinuka kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani, yeye ndiyo kwanza anaamka na kufunga. Uwanjani kuchelewa kulimpa jina. Nyumbani, kama tutakavyoona, kulimnyima.

Alistaafu akiwa na miaka thelathini na mitatu na goti lililoshonwa mara mbili huko Muscat. Akarudi Kigali na masanduku matatu na mawazo ya biashara, na mawazo ndiyo yaliyomponza. Kwanza alifungua baa Kimironko. Mashabiki wakaja kumsimulia magoli yake, naye akawanywesha bure kwa kila goli walilolikumbuka, na kwa bahati mbaya walikuwa na kumbukumbu nzuri. Baa ikafa. Akafuga kuku elfu moja, ugonjwa ukawazoa kwa siku nne. Akauza jezi, akajaza duka kwa jezi za timu anayoipenda yeye, mwaka uleule timu hiyo ikashuka daraja. Ni mahema yaliyomwinua. Bibi arusi wa siku hizi hamjui Dakika ya Tisini, lakini baba yake anamjua, na baba ndiye anayechagua mwenye mahema. Kwa hiyo Cyriaque alikwenda kila sherehe mwenyewe, akapigwa picha na wazee waliomkumbatia wakimkumbusha mechi fulani ya mvua, kisha akarudi nyuma ya hema kuangalia kamba.

Kulikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mfanyakazi yeyote. Kiti cha baba wa bibi arusi, mstari wa mbele, katikati, chenye mto. Hicho alikiweka kwa mikono yake, akakifuta, akakisogeza kushoto kidogo, akarudi nyuma kukitazama. Wafanyakazi walidhani ni utaratibu wa kampuni. Mtu anayetamani kitu kwa miaka mingi hujifunza kukificha ndani ya kazi.

Maana desturi haina huruma. Asiyetoa inkwano, ng'ombe wa mahari, kwa ajili ya mama, hana kiti siku ya kumtoa mtoto. Mtoto ni wa kwa mama yake, na mjomba ndiye atakayekaa katikati na kupokea heshima zote. Unaweza kuwa umelipa ada za shule tangu chekechea, na Cyriaque alizilipa. Unaweza kuwa unakula naye mishikaki kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Cyriaque alikula, na Ihirwe alimwita papa, yaani baba, mbele za watu bila kuona haya. Alikuwa amemweleza hata habari za Arthur, kijana mpole aliyekulia Kampala, mpima ardhi. "Tarehe, mjomba atakuambia," alisema Ihirwe Jumapili iliyopita, akiangalia sahani. Kumbe mjomba alimwambia Leila.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Miaka ishirini na mitano nyuma, Cyriaque na Illuminée walikuwa vijana wawili waliozaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako hata ugomvi wa mume na mke hufanyika kwa Kiswahili. Familia zao zilikuwa zimerudi Rwanda na kukuta kila kitu kigeni, mpaka lugha ya sokoni, kwa hiyo wawili hao wakashikana kama watu wa kijiji kimoja walioonana ugenini. Alimpenda sana. Hakuna haja ya kuzunguka hapo. Tarehe ya gusaba ikapangwa, Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa baba yake Illuminée, Kagarama.

Jumatano ya wiki hiyo ikaja simu kutoka timu moja kubwa ya Dar es Salaam. Dirisha la usajili linafungwa Jumamosi. Aje au wamchukue mwingine. Cyriaque akafanya hesabu za kijana. Bwana arusi haongei siku ya gusaba, anaongea msemaji. Bwana arusi kazi yake ni kukaa na kutabasamu. Basi, akikosekana mtu wa kutabasamu, kitaharibika nini? Lakini ami yake, aliyekuwa awe msemaji, alisema haendi kuomba mke wa mtu aliye kwenye basi. Cyriaque akatia bei ya ng'ombe kwenye bahasha, akampa rafiki yake Clovis aipeleke, na Alhamisi alfajiri akapanda basi la kwenda mpaka wa Rusumo.

Mzee wa Illuminée aliipokea bahasha, akaigeuza mbele na nyuma, akamrudishia Clovis. "Kwetu msichana huombwa kwa mdomo," alisema. "Hii haina mdomo." Hayo ndiyo Clovis aliyomwandikia Cyriaque kwenye barua, hayo tu, na Cyriaque hakutaka kujua zaidi. Wakati huo Illuminée alikuwa na mimba ya miezi mitatu na hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Habari za mtoto zilipomfikia Dar, alikusudia kurudi. Likizo ya kwanza alimwogopa mzee. Ya pili aliona aibu. Ya tatu mzee alikuwa ameshafariki, na kumwomba msamaha marehemu ni kazi ngumu zaidi. Baadaye akaenda Oman, na mapenzi yakageuka kuwa ada za shule zinazotumwa kila muhula. Illuminée hakuolewa. Alipata meza ya vitenge katika soko la Kimironko, ikawa vibanda viwili, na Cyriaque aliporudi, kila mara njia ilipompitisha sokoni, alitazama upande wa pili wa barabara.

Leila alimwacha mpaka saa ya chakula cha mchana, ndipo akamwambia. "Boss, siku zimebaki kumi na mbili. Enda uombe."

"Niombe nini?"

"Mwanamke. Peleka ng'ombe. Jirani yetu mmoja alitoa ng'ombe ya mke wake akiwa na wajukuu tayari, watoto walitaka kuoa wakakuta mzee hana kiti. Watu walicheka wiki moja, halafu wakanyamaza. Mwenye haja haoni haya."

"Na akikataa?"

"Basi utakuwa umekataliwa ukiwa umesimama pale. Si kama ile ya kwanza."

Alitamani kumfukuza kazi. Badala yake akampigia simu Ntare. Mzee Ntare alikuwa msemaji wa gusaba anayejulikana mji mzima, mtu ambaye ulimi wake ungeweza kumwombea fisi mbuzi na akapewa. Siku ya Alhamisi wakanunua mtamba wa ng'ombe, wa kahawia, mwenye pembe zilizoanza kujikunja, na Jumapili baada ya misa wakamfungia kwenye pikapu ya mahema na kwenda Kagarama. Cyriaque alivaa suti. Njia nzima alikuwa akikaza na kulegeza tai, yeye aliyewahi kupiga penalti mbele ya watu elfu hamsini.

Sibomana aliwapokea mlangoni bila kushangaa. Alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari kule kule Gatsata, mita mia tatu kutoka stoo ya mahema, na kwa miaka kumi wawili hao walisalimiana kwa kuinua mkono tu. Wakakaa sebuleni. Wazee wawili wa ukoo walikuwepo, kana kwamba walikuwa wakipita tu.

Ntare akasimama. Alisema Kinyarwanda cha zamani, kile kinachotembea taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini. Alisema walikuja siku moja miaka mingi iliyopita, lakini njia ilikuwa mbovu, wakapotea, wakalala kwa watu, wakaamka, wakapotea tena, na hadi leo vumbi la safari halijawatoka miguuni. Alisema wanaomba maji ya kunawa, na pamoja na maji wanaomba Illuminée.

Wazee wakacheka. Sibomana naye akacheka, kisha akajibu kwa Kiswahili, lugha ya utoto wao. "Njia ya kutoka mjini mpaka Kagarama ilikuchukua miaka ishirini na tano? Cyriaque, hata konokono angefika, angeoa, angesomesha."

"Ni kweli, muramu," alisema Cyriaque. Muramu ni shemeji, na hakuwa na haki ya neno hilo, ila lilimtoka.

Sibomana akalisikia na akaliacha lipite. "Kule Buyenzi walitufundisha: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Baba yangu alikufa akiwa na hasira na wewe. Lakini mimi si baba yangu. Mimi nilipiga simu kwa ile ofisi yako nikijua mahema ni ya nani. Nilitaka uje. Sikujua tu utakuja kwa mlango gani." Akawageukia wazee, wazee wakatikisa vichwa kukubali. "Kwa upande yetu, tutapokea ng'ombe. Lakini Illuminée si msichana wa kuitiwa jina. Aseme mwenyewe."

Hapo Cyriaque alikiona kile kiti. Alikiona kabisa, na mto wake, na yeye amekaa, na Ihirwe anakuja kumpigia magoti.

Illuminée akaingia kutoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mvi mbili tatu mbele, uso uleule. Hakukaa. Alimwangalia Cyriaque moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa robo karne.

"Mimi nina swali moja tu," alisema. "Kama Ihirwe hakuwa na harusi, leo ungekuwa hapa?"

Ntare akakohoa na kuanza kuinuka.

"Mzee, pole sana," Illuminée alimwambia kwa heshima. "Hii haina msemaji."

Ng'ombe akalia nje mara moja. Cyriaque alijua jibu zuri ni lipi, hata mtoto angelijua. Lakini alikuwa amempa mwanamke huyu bahasha badala ya mdomo wake, na alihisi kwamba uongo nao ungekuwa bahasha ya pili.

"Hapana," alisema. "Nisingekuja. Ningeendelea kupita pale sokoni nikiangalia upande ile ingine."

"Najua. Nakuonaga."

"Ulikuwa unaniona?"

"Kila mara. Unatembeaga kama mtu amepoteza shilingi." Hakuwa anacheka. "Asante hujanidanganya. Na mimi sitakudanganya. Ng'ombe hii hukuniletea mimi. Umeleta ili upate kiti. Ungekuja hata siku moja, mikono mitupu, ukaniambia pole, labda. Lakini mimi siwezi kuwa risiti ya kiti. Rudisha tu."

"Dada," alisema Sibomana taratibu, "fikiria mtoto."

"Nimemfikiria miaka ishirini na nne, Sibo. Leo nimeombwa mimi, si ndiyo? Basi nimejibu." Akarudi jikoni, na baada ya muda wakasikia masufuria.

Walimpandisha ng'ombe tena kwenye pikapu. Walipofika barabara kuu ya Kicukiro, Ntare akatikisa kichwa. "Nimesema katika nyumba mia tatu," alisema. "Sijawahi kushindwa na swali fupi namna ile." Cyriaque alikuwa akitazama nje ya dirisha na kitu kikimuuma mahali asipopategemea. Alikwenda kuomba kiti, akarudi akimtaka mwanamke. Alizitaka zile mvi mbili tatu. Alitaka kujua alizipata lini.

Jumamosi tarehe kumi na nne alifika Kagarama saa kumi na mbili asubuhi na lori na watu wanane. Leila alimsihi abaki nyumbani, akakataa. Walisimamisha hema la wenyeji upande wa nyumba na hema la wageni upande wa geti, yakitazamana, wakaning'iniza vitenge na vikapu. Kiti cha katikati alikiweka mwenyewe kama siku zote, akakifuta. Mkono wake ulikaa juu ya mto kwa muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyotaka.

Wageni wa Arthur walifika kabla ya wakati. Msemaji wa wenyeji, mtu wa mizaha, alijifanya kukasirika. "Mbona mmekuja mapema?" aliuliza. "Sisi katika nyumba hii tumezoea wageni wasiofika kabisa. Hata hatujachemsha maziwa." Hema zima likacheka. Yule bwana hakuwa na ubaya, alikuwa anatania kama wasemaji wote wanavyotania, na pengine hakujua hata nusu ya habari. Cyriaque alikuwa nyuma ya hema ameshika kamba. Akaikaza, ingawa haikuwa imelegea.

Yote aliyaona kupitia mwanya kati ya vitambaa viwili. Aliwaona wasichana wakitoka kwa mwendo wa madaha, na katikati yao Ihirwe katika mushanana, vazi la sherehe linalofungwa begani, la rangi ya chungwa, shingo ndefu kama ya mama yake. Alimwona akiwakumbatia wazee mmoja mmoja, akamfikia Sibomana kwenye kile kiti, akapiga magoti, akamkabidhi zawadi ya baba. Ilikuwa fimbo na kofia. Kichwa cha Cyriaque kiliinama chenyewe, kama kinavikwa hiyo kofia.

Ng'ombe wa Arthur walipokwisha kusifiwa na kupokelewa, na watu wakaenda kwenye chakula, Ihirwe alizunguka nyuma ya hema peke yake, ameshika vazi lake lisiguse udongo.

"Papa. Nilikutafuta kwa macho, sikukuona. Kwa nini ulikaa huku?"

"Nilikuwa kazini, mwanangu."

"Uko kazini tangu nizaliwe," alisema Ihirwe. Hakusema kwa ukali. Alimkumbatia kwa nguvu, akampangusa shavu kwa kidole chenye hina ya jana, akarudi kwa wageni wake. Cyriaque alibaki amesimama, na kama kuna beki aliyewahi kumkata miguu vile, hakumkumbuka.

Ilikuwa saa kumi na moja wakati wafanyakazi walipoanza kukusanya viti. Illuminée alikuja akiwa amevua viatu, akakaa kwenye kiti kimoja cha plastiki ndani ya hema la wageni lililokwisha kuwa tupu. Cyriaque angeweza kupita. Alizoea kupita. Alichukua kiti kingine akakaa mbele yake, na akamuuliza kitu ambacho hakuwahi kukiuliza kwa barua wala kwa simu.

"Siku ile ilikuwa aje?"

Illuminée alifikiri kwanza. Labda alikuwa anaamua kama swali linastahili. "Nilivaa mushanana saa mbili asubuhi," alisema. "Mlitakiwa saa nne. Saa sita shangazi wakasema mvua imewazuia, na mvua hakukuwa. Saa nane Clovis akaja na pikipiki. Baba akamrudisha, halafu akakataza watu wasiondoke. Alisema huyo kijana atakuja mwenyewe, namjua, ni wa dakika ya mwisho. Alikupenda sana baba, hukujua? Alikuwa na redio ya mechi zako. Tukakaa. Hema yetu imejaa watu, na hii ya mbele haina mtu hata mmoja, na hakuna aliyethubutu kuivunja. Chakula kikapoa. Mimi nilikuwa ndani, nimesimama, maana ukikaa mushanana inajikunja, na nilitaka unione ikiwa imenyooka. Nilivua saa moja jioni. Ndiyo hivyo ilikuwa."

Cyriaque alilia. Hakujificha, na wafanyakazi walioona wakageukia viti vyao. "Pole," alisema. "Pole, Illuminée. Mimi nilifikiri ni ng'ombe tu ilikosekana."

"Umeuliza leo. Ni sawa." Akavaa viatu.

"Naweza kuja? Siyo na ng'ombe. Kuja tu."

"Njoo. Lakini uje siku ambayo hakuna mtu anaolewa."

"Siku gani?"

"Mimi si kocha, sipangi ratiba," alisema Illuminée, na akaenda kuwaaga wageni.

Alikwenda Jumanne. Hakuvaa suti, hakumchukua Ntare, wala hakumwambia Leila. Aliegesha gari mbali, akapita katikati ya mafundi cherehani na wauza ndizi wa Kimironko saa nane mchana, na safari hii akaangalia upande wenyewe. Illuminée alikuwa akimpimia kitenge mama mmoja mnene aliyebishana kila inchi.

"Nimekuja," alisema Cyriaque.

"Naona. Subiri."

Kulikuwa na kigoda cha mbao pembeni ya vitambaa. Akakaa. Goti lilimuuma na kigoda kilikuwa kifupi, kwa hiyo alikaa miguu mbele kama mwanafunzi mrefu. Yule mama akaondoka, wakaja wasichana wawili, wakaja wengine. Illuminée hakumtazama. Mzee mmoja akasimama, akamnyooshea kidole, akauliza kama si yeye Dakika ya Tisini, na Cyriaque akajibu kwamba alikuwa yeye, zamani, lakini leo amekuja kumsubiri mtu. Saa kumi alisikia njaa, akaogopa kuinuka asije akaonekana ameondoka. Saa kumi na moja alianza kuelewa jinsi mchana unavyoweza kuwa mrefu kwa mtu ambaye hajui kama anayemngoja atakuja au hatakuja. Yeye angalau alikuwa anamwona mbele yake. Illuminée hakuwa amepewa hata hilo.

Saa kumi na mbili soko likaanza kufungwa. Illuminée akakunja kitenge cha mwisho, akashusha turubai, akafunga kufuli. Ndipo akamgeukia.

"Umekaa masaa manne," alisema. "Mimi nilikaa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Bado saba." Akaweka ufunguo kwenye mkoba. "Kesho uje na mto, hicho kigoda ni kigumu."